Dawa Isiyojua Kushindwa

Kinyozi wangu amekufa, na kichwa changu sijui nitampa nani. Najua hiyo si namna ya heshima ya kuanza maneno ya tanzia, lakini wewe unayesoma safu hii umenizoea. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na safari zangu za kwenda Nyeri mjini zilikuwa karibu zote za kunyolewa. Yeye aliniita Mzee wa Blanketi. Siku ya mazishi, kule Giakanja, karatasi ya ibada ilisema alituacha "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Sisi watu wa huku mlimani tunalipenda sana neno hilo. Mchungaji alilisoma kwa sauti nzito, wazee wakatikisa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyetaja tumbo, kana kwamba marehemu, kwa kuwa mzee wa kanisa, hakuwa na tumbo. Basi acha nilitaje mimi. Mtu wetu aliendesha damu mpaka akafa, katika mji wenye duka la dawa kila ukigeuka.

Alianza kupotea kwa sababu ya kikohozi cha Julai, baridi ile yetu inayoingia hadi kwenye mifupa. Alikwenda kwenye kliniki moja, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, na alipoingia ndani aliyemhudumia hakuinua hata uso. Mteja mmoja akamwelekeza kwa bwana mwenye chumba juu ya duka la vyuma, anayetibu kwa homiopathi, ile tiba ya vidonge vidogo vyeupe. Huko alipewa kiti chenye mto na chai. Aliulizwa analala ubavu gani, kama anapenda chumvi, anaota nini, na ni lini alilia mara ya mwisho. Alinisimulia haya huku mashine ya kunyolea ikinguruma sikioni mwangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyependwa. Hebu fikiria. Mtu anashinda mwaka baada ya mwaka akisikiliza shida za vichwa vya watu, za ardhi, za wake, za watoto waliokataa shule, na hakuna kichwa hata kimoja kilichowahi kumuuliza yeye analala ubavu gani, changu kikiwemo.

Kikohozi kilipoisha, kama vikohozi vinavyoisha jua likirudi, alikuwa ameokoka mara ya pili. Akapanga chupa ndogo za vidonge vyeupe pale kwenye kioo, kando ya spiriti na poda.

"Hii ni ya nini?" nilimuuliza siku moja.

"Hiyo ni ya tumbo. Ya kuendesha, hata ya damu. Imetengenezwa na zebaki."

"Zebaki? Si hiyo ni sumu?"

"Ngoja, Mzee wa Blanketi, ndiyo ujue vitu. Wanachukua kidogo, wanatia kwa maji, wanatikisa. Wanachukua tone ya hayo maji, wanatia kwa maji ingine, wanatikisa. Hivyo hivyo mpaka zebaki yenyewe haiko, imebaki nguvu yake tu. Halafu wanadondoshea kwa sukari."

"Sasa kama iko itaniua, na kama haiko itanisaidia na nini?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yeye pia alicheka, akanisukuma kichwa mbele kwa kiganja. "Kaa hivyo. Wewe sayansi yako ilikwama sekondari." Na kweli ilikwama huko. Sina cha kujitetea.

Mvua kubwa ilipokuja, bomba la mradi wa maji lilipasuka, na watu wa upande wake wakateka maji mtoni. Wengi waliumwa tumbo. Wengi walikwenda wakapimwa choo, wakapewa dawa na zile pakiti za chumvi na sukari za kukoroga kwa maji, wakarudi shambani. Yeye alilamba vidonge vyake. Mke wake, ambaye huleta nyanya za kuuza kutoka soko la Kagio na si mtu wa kuomba omba, alinipigia simu. "Baba, njoo umwongeleshe. Mimi amekataa kunisikia. Wewe anakuheshimu." Nilishangaa kusikia naheshimiwa, nikavaa viatu nikaenda.

Nilimkuta kitandani, macho yamezama, midomo imekauka. Akajaribu kutabasamu.

"Leo umetoka nyumbani? Basi mimi nakufa kweli."

"Amka twende hospitali. Gari iko nje."

"Wacha haraka. Nimeongea na daktari kwa simu. Amesema lazima ugonjwa upande kwanza ndiyo ushuke. Hiyo ni dalili dawa imeshika."

"Na jana ulipopata nafuu kidogo?"

"Hiyo pia ilikuwa dawa."

"Na leo damu imezidi."

"Ndiyo nakuambia, imeshika sana!"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Akamsogezea. Mumewe akageuza uso ukutani. Alikuwa ameambiwa asichanganye kitu kingine na vidonge, asije akaharibu kazi yao. Nilibembeleza, nikatania, mwishowe nikafoka. Akasema amechoka, tuongee akiamka. Alipoamka hakujua tulikuwa akina nani. Ndugu zake walimbeba hadi kwenye gari, na huko hospitali tukaambiwa figo zilikuwa zimeshalala kwa kukosa maji. Alikufa kabla ya chupa ya maji iliyotundikwa juu yake kufika nusu.

Kwenye mazishi yule bwana wa chumba cha juu alikuja, suti safi, mkono wa pole umetangulia. Mjane hakuupokea.

"Daktari," alimwambia, polepole, "siku alikuwa na nafuu ulisema ni dawa. Siku alizidiwa ukasema ni dawa. Leo tumemzika. Hii nayo ni nini?"

"Mama, wakati mwingine mwili unakataa kupokea."

Kwa hiyo hata kaburini kosa lilikuwa la marehemu. Nimesikia mambo mengi machungu maishani, mengi yakiwa ya kweli, lakini sijasikia jambo chungu kama hilo.

Sitawaambia mchukie kila mtu mwenye chupa ndogo. Wale wa kliniki wasioinua uso ndio waliomfungulia mlango, na wakiendelea hivyo watawafungulia wengi. Ninachowaomba ni jambo moja. Kabla hujameza cha mtu yeyote, awe na koti jeupe au kiti chenye mto, muulize: nitajuaje kwamba hii imeshindwa? Mwenye dawa ya kweli atakujibu bila kukasirika, atakwambia ukiona damu bado, ukishindwa kunywa, ukikauka mkojo, usingoje, kimbia. Asiyekuwa na jibu, yule ambaye kupona ni kwake na kuzidiwa pia ni kwake, muage kwa adabu. Kisha mtoe mgonjwa wako hapo angali ana nguvu za kukutukana njiani.