Wamemkata Mama Kwenye Picha Niliyopiga

Marafiki, nimefika nyumbani sasa hivi kutoka kwenye sherehe huko Dandora na bado nina hasira.

Wenyeji wangu wanaadhimisha miaka arobaini ya ndoa. Harusi yao niliipiga picha mimi, nikiwa na studio Eastleigh.

Ilikuwa Julai, huko juu Kinangop. Baridi ilinigandisha vidole hadi nikashindwa kubonyeza kamera.

Mama wa bi harusi akavua shali yake, akanifunga mikono mpaka ikapata joto. Kisha akasimama kando ya binti yake akiwa na gambuti zake, viatu vya mpira vya shambani, zenye matope, nikawapiga picha.

Leo picha hiyo iko ukutani, kubwa ajabu.

Mama hayuko! Amekatwa kwa makasi. Vimebaki vidole vyake tu kwenye mkono wa binti.

Nikamuuliza bwana harusi, "Mama yuko wapi?"

Akacheka. "Acha hizo, mzee. Zile gambuti zilikuwa zinatuaibisha."

Jamani!

Nikamwambia mbele ya wageni wote, "Aibu ni wewe." Nikaacha pilau mezani, nikatoka.

Mkewe akanifuata hadi getini, akilia.

"Kaka, aliikata nikiwa kazini. Mama alikuwa ameshakufa, na sikuwa na picha yake nyingine. Negativu ya ile filamu bado unayo?"

Ninayo. Niko nayo mkononi hapa ninapoandika.

Sasa nisaidieni: nani anamjua seremala mzuri Gikomba? Nataka fremu kubwa kuliko ile ya ukutani.