Mwalimu Futa Kwanza

Jina lake lote, kama wanafunzi walivyomtungia, ni Mwalimu Futa Kwanza. Ni mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima, binti wa seremala aliyetengeneza madawati ya shule yetu, na mdogo wangu wa kunifuata, niliyembeba mgongoni. Nilipomaliza la saba mimi nilipewa cherehani. Alipomaliza yeye, akapelekwa sekondari.

Amefundisha hesabu mpaka kustaafu, na sasa ananinyang'anya mjukuu wangu. Nimemlea mimi, sare namshonea mimi, lakini jioni akifundishwa, nikimpelekea chai hata hainui kichwa. Yule anamwita Bibi Mwalimu. Mimi ni bibi tu.

Juzi nilisimama mlangoni. Ubaoni palikuwa na sehemu iliyobeba sehemu nyingine: juu, moja kwa x kutoa moja kwa mbili, chini, x kutoa mbili. Walikuwa wanatafuta kikomo, yaani jibu linaelekea wapi x ikiisogelea mbili. Mjukuu akaweka mbili papo hapo. Ikatoka sifuri juu, sifuri chini.

"Wewe mtoto, unakimbilia wapi?" mdogo wangu akamfokea. "Hilo si jibu. Zile za juu zipe asili moja. Futa kwanza, ndipo uweke!"

Mjukuu akaziunganisha: mbili kutoa x, juu ya mbili x. Akaikata na ile x kutoa mbili ya chini, akaweka mbili, akaandika moja kwa nne.

"Na hasi umemwachia nani? Hao wamepeana mgongo. Ukiwakata, inabaki hasi moja."

"Jamani, Bibi Mwalimu! Hasi moja kwa nne!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kwangu hacheki hivyo. Roho iliniuma, sifichi.

"Dada, unalinda mlango kama askari," mdogo wangu akasema. "Ingia. Kesho naenda kutolewa mtoto wa jicho, na mtihani wa huyu ni wiki ijayo. Nani atamsimamia?"

"Usinitazame mimi. Hizo x zako sizijui."

"Sifuri unaijua. Ukiona sifuri juu na sifuri chini, mrudishe mwanzo. Asiinuke mpaka afute."

"Bibi mkali kuliko wewe," mjukuu akanong'ona.

"Ndiyo maana nampa yeye. Chaki hii, dada. Kiti ni hiki."

Nikakikalia kabla hajainuka vizuri.