Bingwa Asiyewahi Kupiga Ngumi

Margaret Kaviha amekuwa bingwa wa ndondi za wanawake katika uzani wake kwa miaka minne mfululizo, na katika miaka hiyo yote hajampiga mtu ulingoni wala hajapigwa. Kila mwaka, mashindano yanapofanyika katika ukumbi wa kijamii wa mtaa wetu wa Mikindani, yeye hupanda ulingoni akiwa amefungwa glovu na kuvaa kofia ya kukinga kichwa, akasimama katika kona yake. Kona ya pili huwa tupu, kwa kuwa mpinzani hakupatikana. Kengele hulia, kisha refa humshika mkono na kuuinua. Watu wa ngumi huuita ushindi wa mezani. Mimi ni mwalimu wa sekondari na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na nimeketi katika ukumbi ule kila mara. Nauita tusi.

Husemwa katika vikao na redioni kwamba ndondi za wanawake hazina mashabiki, na kwamba zinahitaji mbinu za kuzikuza. Husemwa kwa sauti ya huruma, kama vile ugonjwa huo umeletwa na upepo.

Margaret, mama wa Linda, ni mzaliwa wa Kaloleni. Kazi yake ni kibarua cha kushona midomo ya magunia ya majani chai katika bohari moja la Changamwe. Alianza kupenda ngumi akiwa na miaka thelathini, kwa kuwatazama vijana wakifanya mazoezi ukumbini jioni alipokuwa akitoka kazini. Alipoomba kujiunga, waliangua kicheko. Akarudi nyumbani, akajaza gunia kuukuu vitambaa na mchanga, akalitundika uani. Miezi kadhaa tuliamshwa na mshindo wa gunia lile badala ya jogoo. Mumewe Kiponda, fundi wa baiskeli, hakukasirika. Aliwaambia majirani, "Kwangu mimi hakuna ugomvi wa nyumbani. Nani awe mwendawazimu?"

Vijana walimkubali hatimaye, lakini ulingo unataka watu wawili. Wasichana waliokuja kujaribu walikuwa wepesi, na kanuni za uzani hazikuwaruhusu kupambana naye. Wanawake wa uzani wake walikuwa na waume na watoto. Aliwafuata hadi Magogoni, nyumba kwa nyumba. Mmoja wao alimjibu huku akikuna nazi: "Mama Linda, kupigwa napigwa hapa hapa bure. Nikapigwe tena mbele za watu nao wapige makofi?"

Margaret alinisimulia jibu lile akicheka. Mimi sikucheka.

Mwaka jana alitimiza miaka thelathini na tisa. Kanuni za mashindano zinamkataza yeyote aliyefika arobaini, kwa hiyo nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Hakutaka medali nyingine. Alikuwa nazo tatu, zimefungwa ndani ya leso. Alitaka pambano moja la kweli, ashinde au ashindwe, apate kujua yeye ni nani. Kwa kuwa hakuna aliyemletea mpinzani, aliamua kumlea mwenyewe.

Alimpata huko Mtongwe, ng'ambo ya feri, alikokwenda kununua samaki wa kukaanga. Msichana wa mwili kama wake, aliyeitwa Mwanarehema, alikuwa amebeba ndoo mbili za samaki, moja kila mkono, bila kuinamia upande wowote.

"Dada, mabega hayo umeyapata wapi?" Margaret akamuuliza.

"Kwa mamangu. Nayo hayauzwi. Kiuzwacho ni samaki."

"Na ukichokozwa?"

Msichana akatua ndoo. "Wataka kununua ama wataka kujua?"

Siku ile Margaret alirudi bila samaki, lakini alikuwa amezungumza na mama mtu. Bi Samiha, mjane, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka masharti yake. Mwili wa mwanawe usitirike. Mwalimu wake awe mwanamke. Picha yake isitundikwe popote. "Mimi nina shemeji zangu," alisema. "Hashim akiona jambo la aibu, si mimi tena mwenye usemi humu ndani."

"Nimekuahidi, dadangu," Margaret akajibu.

Basi kila Jumamosi Mwanarehema alivuka feri na kuja Mikindani, amevaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu na kitambaa cha kichwa kilichobana. Siku za mwanzo hakuthubutu kurusha ngumi.

"Nipige!"

"Nakuonea haya, kocha. Wewe ni kama dada wa mamangu."

"Haya iache pale mlangoni, penye viatu. Haya, nipige!"

Alijifunza upesi kupita tulivyotarajia. Kasoro yake ilikuwa moja: akichoka aliuteremsha mkono wa kushoto, uso ukabaki wazi. Margaret angeweza kumwadhibu kwa kasoro hiyo mara mia, hakumgusa. Niliona jinsi alivyouzuia mkono wake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kumfundisha mtu, aliniambia, si kupigana naye. Ngumi yake alikuwa akiiweka akiba kwa siku moja.

Jina la Mwanarehema liliandikishwa kwa kamati ya mashindano, pamoja na picha ndogo ya utambulisho kama kanuni zilivyodai. Margaret alimweleza katibu wa kamati, Bwana Tinga, masharti ya Bi Samiha, neno kwa neno. Nilikuwapo. Tinga akaitikia kwa kichwa na kusema hakuna shida, mwaka huu kamati imejitolea kukuza ndondi za wanawake.

Wiki moja kabla ya pambano mabango yalibandikwa, mpaka kwenye kivuko cha Likoni. Juu palikuwa na majina ya mabondia wanaume. Katikati, kwa ukubwa kuliko wote, alisimama mwanamke aliyevaa vipande viwili vya nguo ambavyo visingetosha kufunika sahani, kiuno kimepindwa, glovu nyekundu zimewekwa kifuani. Mwili ule ulitolewa katika mtandao. Uso ulikuwa wa Mwanarehema, kitambaa cha kichwa kimekatwa, na mahali pake zimechorwa nywele.

Tulimfuata Tinga ofisini kwake asubuhi ile ile. Hakuona la kuficha.

"Mwalimu, wewe ni msomi, utanielewa," alianza. "Watu hununua kwa macho. Nani atatoka kwake kuja kutazama suruali na shati?"

"Uliahidi kwamba picha yake haitatundikwa," nikamwambia.

"Kwani ni picha yake? Kichwa tu ndicho chake. Mwili si wake. Sasa kosa liko wapi?"

Nimesoma falsafa chuoni na nimesahihisha insha za vijana kwa miaka ishirini, lakini sijawahi kukutana na hoja ya namna ile. Mtu alimwibia binti kichwa, akajitetea kwamba hakuiba mwili. Margaret alitoka nje akaanza kuyabandua mabango yaliyokuwa karibu kwa kucha, lakini gundi ilikuwa nzuri. Kwa gundi kamati haikubana matumizi.

Alasiri tulikwenda Mtongwe. Hashim alikuwa ametutangulia. Alikuwa amelivua bango moja kivukoni, na sasa lilikuwa juu ya mkeka, limekunjwa, upande wa picha ndani. Mwenyewe alitupita mlangoni akiondoka, bila kusalimu. Bi Samiha alitukaribisha kwa adabu, akatupa viti, na adabu ile ndiyo iliyonichoma.

"Dadangu, wallahi sikujua," Margaret akasema.

"Najua hukujua. Uso wako wakueleza. Lakini wewe ndiwe uliyeniahidi. Mimi hao wengine siwajui." Akaligeukia lile bango. "Mwanangu si kitoweo, Margaret, atundikwe buchani watu wachague paja. Leo mbele ya feri wanaume wamempigia mluzi mwanangu, naye yuko hapa kwangu anapara samaki."

Nilijaribu kutoa jibu, juu ya sheria na mashtaka, nikasikia mwenyewe jinsi lilivyokuwa jepesi katika chumba kile.

"Mwanarehema!"

"Abee, mama."

"Lete vitu vya watu."

Msichana alitoka nyuma ya pazia na glovu alizoazimwa na Margaret. Alikuwa amezipangusa kwa ndimu, na kamba amezifunga vizuri. Alimkabidhi Margaret kwa mikono miwili bila kuinua macho. Margaret alizipokea, akataka kuomba radhi, nadhani, lakini kilichomtoka kilikuwa kingine.

"Mkono wako wa kushoto. Ukichoka unauteremsha."

"Najua, kocha."

"Usiuteremshe."

"Haya."

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Katika miaka yangu yote ya kuja pale sijapata kuona umati kama ule. Tinga alinipitia akiwa amelowa jasho la furaha. "Umeona, Mwalimu? Walisema ndondi za wanawake hazipendwi. Tumezikuza!"

Margaret alipanda ulingoni, kwa sababu kanuni humtaka mshindi wa mezani asimame pale akiwa amevaa kikamilifu. Kona ya pili ilikuwa tupu kama kawaida yake. Jina la Mwanarehema liliitwa mara tatu.

"Yuko wapi yule wa picha?" sauti ikapazwa nyuma.

"Tumemlipia wa picha! Huyu mama ni wa nini?"

"Bingwa wa mezani! Mleteeni sahani!"

Ukumbi mzima ukacheka, na wanawake wachache waliokuwamo wakacheka pia, maana kutocheka mahali kama pale ni kujitenga. Kengele ikalia. Refa, mzee muungwana aliyeonekana kuona haya kuliko sisi sote, akamshika Margaret mkono na kuuinua. Kisha wakaitwa wanaume wawili, na kelele za kweli zikaanza.

Ukumbi ule hauna chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Nilimkuta katika stoo ya viti, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafungua bandeji alizozifunga mikononi chini ya glovu. Nilikuwa nimebeba maneno mengi ya hasira, dhidi ya Tinga, dhidi ya kamati, dhidi ya ule umati. Aliniinulia kiganja ninyamaze.

"Mwalimu," akasema, "wewe umeniona miaka yote. Mimi ngumi naziweza?"

"Unaziweza, Mama Linda."

"Umejuaje?"

Nje watu walikuwa wakishangilia pigo la mtu. Margaret aliendelea kuzungusha bandeji polepole, akazikunja juu ya goti, moja, kisha ya pili. Zilikuwa kavu kabisa.