Safu ya Ahadi

Wiki ile sikuweza kutulia. Nilifungua kompyuta, nikabadilisha tarakimu moja, nikasimama dirishani kutazama barabara ya Munyaka, nikarudi, nikabadilisha tena. Kazi yenyewe naijua, ndiyo inayonilisha. Wanaotafuta mikopo ya kuchimba madini huniletea makadirio yao, nami huwatengenezea hesabu ya mradi mzima: mawe yatakayosagwa, dhahabu itakayotoka, mkopo utalipwa na nini na lini. Ukigusa jambo moja juu ya ukurasa, miaka yote iliyo chini yake inatikisika. Kwa kawaida hilo hunifurahisha. Safari hii aliyekuwa chini ya ukurasa alikuwa dada yangu.

Chama chetu ni cha watu wa nyumbani, tuliotoka magharibi tukaja Eldoret kutafuta kazi. Miaka yote tumekutana kwa ajili ya misiba na karo. Sasa tulikuwa tumepata kibali cha kuchimba dhahabu kule nyumbani, na mkopeshaji mmoja wa mjini alikubali kutukopesha pesa za mtambo wa kusaga mawe, bora apate dhamana. Dhamana ilikuwa shamba la dada yangu huko Soy. Ni mjane, analima mahindi, na shamba hilo ndilo linalosomesha watoto wake. Alikuwa ameshakubali kwa mdomo. Jumapili angeleta hati.

Kilichonisumbua ni mtaji wetu wenyewe. Katika makadirio ya mwenyekiti ulikuwa mnono kupita kiasi. Nikampigia simu.

"Mzee, hizi pesa ziko benki?"

"Si watu walisimama wakazitaja? Ulikuwa hapo."

"Walizitaja. Zimeingia?"

"Wewe nawe! Mtu mzima asimame mbele ya watu, ataje, halafu nimfuate kama karani wa kodi?"

Nilimwelewa. Kwetu ahadi ya harambee hupigiwa makofi palepale, na kumkumbusha mtu ahadi yake ni kumvunjia heshima. Kwenye msiba haina neno, kwa sababu pengo la mmoja huzibwa na mwingine na mazishi yanaendelea. Mkopo haujui kuzibiana hivyo. Nikaigawa ile safu ya mtaji mara mbili: ya pesa zilizoingia, na ya ahadi. Nilipoifanya safu ya ahadi kuwa sufuri, hesabu yote ikawa nyekundu kuanzia rejesho la kwanza.

Jumamosi nikashindwa kukaa nyumbani, nikaenda Soy. Dada alikuwa jikoni anachambua maharagwe.

"Umekuja kula au umekuja kuzungukazunguka? Keti basi."

Niliketi, nikamweleza polepole. Nawe nakueleza vilevile, kwa maana si jambo gumu. Mkopeshaji huwa anataka aone kwanza wenye mradi wameweka pesa zao, ndipo afungue zake. Lakini akiwa na hati ya shamba mkononi, hana sababu ya kungoja. Anafungua mkopo, na siku hiyohiyo riba inaanza kuhesabiwa. Ikiwa sehemu yetu haijafika, mtambo unajengwa nusu.

"Na nusu ya mtambo inasaga nini?" akauliza.

"Haisagi kitu."

"Na riba?"

"Inaendelea."

Akaacha maharagwe. "Kwa hiyo siku ya kulipa, dhahabu hakuna, na huyo mtu wa mkopo anakuja hapa."

"Anakuja hapa. Lakini dada, usinielewe vibaya. Ahadi zote zikilipwa, mradi unasimama vizuri. Nimeupima kila upande."

"Basi unasubiri nini kuwaambia?"

Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Ningesemaje mbele ya wazee kwamba ahadi zao si pesa? Aliniambia niache kumkanyagia maganda.

Jumapili baada ya ibada tulikutana, chai ikapita, na mwenyekiti akasugua mikono.

"Mama, hati imekuja?"

Dada akasimama. "Hati natoa."

Makofi.

"Natoa kama ninyi mlivyotoa. Leo naitaja. Siku pesa zenu zitakapoingia benki, nayo itaingia."

Makofi yakafa moja moja. Kisha mtu akaangua kicheko huko nyuma. "Huyu mama ametuweza!"

"Mama," mwenyekiti akasema, "mkopeshaji hawezi kutoa pesa za mtambo kwa maneno."

"Nani amesema anaweza, Mzee?"

Hapo ndipo mimi nami nikapata nguvu ya kufungua kompyuta, nikawaonyesha safu zote mbili, nikaeleza kama nilivyoeleza jikoni. Hakuna aliyekasirika, au waliokasirika walinyamaza. Wachache walitoa simu wakatuma pesa palepale.

Tangu siku hiyo safu ya kwanza imepanda, ikakwama, ikapanda tena kidogo. Hati bado iko Soy. Juzi mwenyekiti alinipigia.

"Hesabu imekubali?"

"Bado, Mzee, lakini tumesogea sana."

"Nani amebaki? Nitajie. Nitawapigia mimi mwenyewe."

"Wa kwanza ni wewe, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa, akasema nimpe mpaka Ijumaa. Leo ni Ijumaa. Kompyuta iko wazi tangu asubuhi, nami nakaa, nasimama, nakaa tena.