Kofia Niliyokuwa Nikiifumua

Muhula ule mwalimu wetu wa jioni, katika chuo kimoja huku ughaibuni, karibu na Riverdale, alitupa hadithi ya Kiyunani: mke aliyemngoja mumewe miaka ishirini, akifuma nguo mchana na kuifumua usiku ili wanaume waliomposa, aliowaahidi jibu nguo ikiisha, wasimpate. Tuiandike upya, akasema, kwa kinywa cha mke.

Nilicheka moyoni. Nani angeniweza kwenye hiyo? Mume wangu alikuwa Unguja, amenyimwa viza mara mbili, nami nilikuwa nikimdarizia kofia ya mkono, kwa kipimo cha uzi niliouzungusha kichwani mwake siku ya kuagana. Nilijiapiza kuimaliza siku atakayoshuka uwanja wa ndege. Kila ilipokaribia kwisha, nilifumua safu moja. Kwa hiyo niliandika kwamba yule mke hakuwa akiwahadaa wanaume hata kidogo. Aliogopa kumaliza. Nilijiona hodari kweli.

Wiki hiyohiyo mama mmoja wa kwetu alikuja Fairfax kumtazama bintiye, akanipigia simu nikachukue bahasha. Sisi barua za maana hatuzitii posta, tunangoja mtu wa kumpa mkononi. Nilikwenda mbio, nikijua viza ya mume wangu imetoka. Yule mama hakunitazama usoni. Ndani mlikuwa na talaka, imeandikwa Rajabu. Tulikuwa mwisho wa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Karatasi ilikuwa imengoja miezi yote hiyo mbebaji wake apate viza.

Nilirudi kwa shangazi mmoja mzaliwa wa Mombasa, niliyepanga chumba kwake huku huku. Nilimwuliza nianze eda siku ile ile au kesho yake.

"Eda yahesabiwa tangu siku alipokuacha, si siku ulipopata habari," alisema polepole. "Twahara zako tatu, hedhi hata hedhi, zishapita, mwanangu. Ishakwisha."

"Ishakwisha vipi, nami sijaikaa?"

"Umeikaa. Hukujua tu."

Nilimkasirikia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Siku ya Idi nilikuwa nimempigia simu yule mwanamume, akanishukuru kwa kanzu niliyompelekea, akaniuliza habari za baridi. Mwoga mkubwa! Miezi minne na kitu nilikuwa mke peke yangu. Na sasa hata siku za kujifungia na kulia sikuwa nazo. Asubuhi nilikwenda kazini, nikapiga pasi mashuka ya hoteli kama kawaida.

Mwalimu alinirudishia karatasi yangu na alama nzuri. Chini aliandika kwa wino mwekundu kwamba hadithi haijakamilika: mume arudi lini?

Kofia niliimaliza kwenye basi, siku mbili tu, kwani ilikuwa imebaki safu moja. Nyumbani nilisimama mbele ya kioo nikaijaribu mwenyewe. Ilinishuka hadi kwenye nyusi.