Pua ya Mama Mkwe

Mimi sina pua. Ninayo ya kupumulia na ya kusikia vitunguu vikikaangwa, lakini harufu ya dume la nguruwe hainifikii. Wengine wakiletewa nyama ya dume lisilohasiwa husikia mkojo na jasho la siku nyingi, wakaweka kipande chini na kuondoka. Mimi ningekila chote na vidole nikavilamba. Kwa mwanamke anayeishi kwa kufuga nguruwe, hicho ni kilema cha kuficha. Mume wangu naye ni vilevile. Pua yake Mungu alimpa kwa urembo tu.

Mwenye pua nyumbani kwetu, huku njia ya Lusangi, alikuwa mama mkwe wangu. Nilimwogopa tangu siku niliyoolewa. Kila tulipochinja dume alikaa kwenye kigoda chake, nikampelekea kisu kilichowekwa juu ya makaa mpaka kikawa chekundu. Alikibandika kwenye mafuta ya shingo, moshi ukapanda, akanusa huku amefumba macho. Akisema ni nzuri, tuliuza. Akikataa, tulikula wenyewe kimyakimya. Hakuna mwingine aliyewahi kushika kisu hicho, na hakuna aliyethubutu kuomba.

Zamani tulihasi kama watu wengine. Msimu mmoja wa mvua vidonda vya watoto wa nguruwe vikaoza, funza wakaingia, watoto hao wakafa karibu wote, na mhasi mwenyewe akaacha kazi akaenda kuchimba dhahabu Salamabila. Ndipo mama mkwe alipoamua kwamba madume yetu yatabaki mazima. Akatuwekea sheria zake: dume lichinjwe likiwa bado changa, lisilale juu ya mavi, lisikae karibu na jike. Sheria hizo ziliangukia mgongo wangu mimi. Kila asubuhi nilizoa mavi na kutandika nyasi kavu, na nikichelewa nilimkuta amesimama mlangoni.

"Nyama inaanza kuoza nguruwe angali muzima, mwana," aliniambia. "Lala tu."

Lakini tulipata sifa. Wachuuzi wa Salamabila walikuja na pikipiki mpaka uani.

Kisha binti yangu akachumbiwa na kijana wa Kabambare. Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, mama wa kijana alitazama banda letu, akatabasamu kwa midomo tu.

"Kumbe kwenu munafuga madume mazima," akasema. "Siye kwetu ile harufu tunaisikia toka mbali."

Nilicheka naye, nami kwa midomo tu. Kijijini kwetu yupo mwanamke ambaye siku ya harusi yake wakwe walipewa nyama inayonuka. Sasa ana wajukuu, na bado akipita watu wanasema, yule wa nyama ya mkojo. Jina kama hilo halioshwi kwa sabuni. Nilimwona binti yangu analibeba mpaka kaburini, kwa sababu yangu.

Tulitenga dume changa kwa ajili ya karamu. Nguruwe wengine tuliwauza kwa gharama za harusi, akabaki dume huyo na jike moja, mama wa banda zima, ambaye kila kitu chetu kilitoka tumboni mwake. Mvua ikaja ikabeba daraja. Harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena. Dume halikungoja daraja. Lilikua, meno yakachomoza, na jike lilipoingia joto la kutaka dume, likaanza kutoa povu na kugonga miti ya banda kwa bega. Nikawa naogopa hata kulipelekea maganda ya mihogo.

Nilimwendea mama mkwe, nikamwambia dume limepita umri wake. Nikasema labda tuliloweke kwenye ndimu na pilipili nyingi.

"La kuvunda halina ubani," akanijibu. "Ikinuka nitasema. Pua yangu iko."

Daraja lilipotengenezwa siku ikapangwa, na asubuhi ya karamu mume wangu alilichinja dume. Simu ilikuwa imelia mapema: wakwe wako njiani. Nilimpelekea mama mkwe kisu. Akakibandika, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Iko muzuri," akasema. "Haina kitu."

Nilitaka kumkumbatia. Nikaenda kuchota maji nikiimba. Niliporudi, uani kulijaa moshi mweusi. Sufuria ya maharage ilikuwa imekauka na kuungua mpaka chini, na mama mkwe alikuwa amekaa palepale kando yake, ameipa kisogo, anachambua mchele. Moshi ulimpita usoni, kwake ni wa kuni tu.

"Yale maharage ingali bado?" akaniuliza.

Nilisimama na ndoo kichwani, maji yakinimwagikia shingoni. Nikakumbuka samaki waliooza ambao majuzi aliwasifu. Nikakumbuka chumvi aliyokuwa akizidisha tangu alipougua homa kali wakati wa mvua zile za daraja. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani, maana nilielewa kwamba nyumba nzima ilikuwa imeegemea pua moja, na pua hiyo ilikuwa imekufa bila mtu kuizika.

Nilikitia kisu kwenye makaa mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Nikakata kipande cha mafuta, nikaingia navyo chumbani alimokuwa binti yangu akisukwa nywele, nikakibandika kisu kwenye mafuta mbele ya uso wake bila hata kusalimu. Sikuwa na sababu nyingine ila kwamba yeye ni damu ya bibi yake.

Aligeuza uso kama aliyepigwa kofi. "Mama, mukojo!" Akaziba pua. "Toa hiyo kitu."

Msusi akainama, akanusa. "Miye nasikia mafuta tu," akasema. "Mutoto anaogopa harusi."

Nikabaki katikati yao. Bibi amesema ni nzuri, msusi hasikii kitu, na mimi ni kipofu wa harufu. Kwetu neno la msichana halipandi juu ya neno la bibi yake, na hata mimi mwenyewe moyoni nilimtukana kidogo mtoto kwa kuwa na pua siku hiyo. Lakini nilipomtazama niliona machozi. Naye alikuwa anajua habari ya yule mwanamke wa nyama ya mkojo.

Nilimwambia mume wangu achinje jike. Alinitazama kama nimesema tuchome nyumba. Tukichinja jike hatuna tena banda, akasema, na mama tutamwambia nini? Nikamjibu, kwa ukali ambao sijawahi kuutumia, kwamba mama hatajua. Nikamshika mama mkwe mkono, nikampeleka kwa jirani avae na kupumzika, nikidhani nimefanya jambo la akili. Nguruwe si kuku. Jike lile lililia mpaka mbwa wa kijiji wakaitikia.

Wakwe walifika wamejaa matope. Tulipoandaa, mama wa kijana alichukua kipande, na kabla ya kukitia mdomoni akakipeleka puani, mbele ya watu wote. Sikupumua. Nilimwona binti yangu naye hapumui. Mama yule akala. Akatafuna polepole, akanyoosha mkono akachukua kingine.

"Eeh," akasema. "Nyama iko tamu."

"Miye njo niliinusa!" mama mkwe akatangaza, watu wakampigia makofi, nami nikapiga kuliko wote.

Jioni, bibi arusi alipokwisha kupandishwa pikipiki, nilimletea mama mkwe maji ya kunawa. Alinishika mkono, akauvuta karibu.

"Ile jike ililia sana," akasema polepole.

Nikaendelea kummwagia maji.

"Pua ilikufa na ile homa, mwana. Masikio ingali." Hakunitazama. "Niliogopa mutanitupa pembeni sawa kigoda ya kuvunjika. Usiwaambie watu."

Miaka yote niliuogopa mkono huo, na kumbe ulikuwa na hofu kuliko wangu. Nikamwambia sitasema.

Nyama ya dume tuliila mimi, mama mkwe na mume wangu, wenye pua za kufa, kwa siku nyingi. Tukaanza upya na mtoto mmoja jike wa kuomba kwa ndugu. Pua iliyobaki imekwenda Kabambare. Siku moja nilimpigia binti yangu simu, nimeshika kisu cha moto, nikajikuta sijui nimwambie afanye nini.

Sasa madume tunayachinja yangali madogo kabisa, mapema kuliko sheria ya mama mwenyewe, na kila mara nampelekea kisu kwenye kigoda chake. Anafumba macho mbele ya wachuuzi, ananusa, anasema iko muzuri. Chini ya kitenge mkono wake unatafuta wangu, tunashikana, tunangoja wapande pikipiki zao na kuondoka.