Boti Iliyofundishwa Kwenda Polepole

Kabla ya boti ile, maji kwangu yalikuwa adui wa mchimbaji, basi. Nimeolewa Rwamgasa, na karakana yangu na mume wangu inaishi kwa pampu. Duara, yaani shimo la dhahabu, likijaa maji wachimbaji hawashuki, na wasiposhuka mtaa mzima unalala njaa, kwa hiyo pampu ikifa huletwa kwetu mbio kama mgonjwa. Mume wangu anachomelea, mimi nachonga vyuma. Kuchonga nilijifunzia Shinyanga, kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na sioni haya kusema kwamba upande huu wa Geita sijaona anayenishinda. Mume wangu husema labda sijatafuta.

Ndani ya kila pampu kuna impela, gurudumu lenye mapanga yaliyopinda linalozunguka na kuyasukuma maji nje. Maji ya maduarani ni nusu maji, nusu kokoto. Ukiibana impela sana kwenye nyumba yake, kokoto moja inakwama na kila kitu kinavunjika. Ndiyo maana karakana zote za huku zina kipimo kimoja: punje ya choroko. Ukimaliza kazi unaipitisha punje kati ya panga na ukuta, na ikipita, unasema pampu inapumua. Mwenye pampu naye huipitisha kwa mkono wake mwenyewe, ndipo anaondoka ameridhika. Kopo la choroko liko dirishani kwetu, na ole wake atakayeipika.

Mwaka ule mdogo wangu alikuwa mjamzito. Ameolewa kisiwani, ng'ambo ya Chato, na mume wake ananunua dagaa na kuzipeleka mnadani. Mimba ilipokuwa kubwa alianza kutokwa na damu kidogo kidogo. Nesi wa zahanati ya kule, mwanamke mpole asiyepoteza neno, alinipigia simu.

"Kondo la nyuma limekaa mlangoni," aliniambia. "Atazalia hospitali, kwa kupasuliwa. Lakini kumvusha ndiyo kazi. Asirushwe na mawimbi, asibebwe mgongoni. Akitikiswa sana, damu itakuja nyingi na mimi hapa sina cha kumwongezea."

Nikamuuliza kwani boti za injini zimekwisha. Akanieleza kwa subira. Kisiwa kile kimezungukwa na mawe chini ya maji, na boti za mbao husimama mbali ili propela isigonge. Abiria hubebwa mabegani na wapagazi mpaka kwenye boti, kisha hukaa juu ya magunia. Zahanati ilikuwa na boti yake ya bati nene, waliyopewa na wageni, na hiyo haina propela chini. Inafyonza maji kupitia tumboni, impela inayasukuma, yanatoka nyuma kwa nguvu na boti inakwenda. Inaingia mpaka mchangani. Ina hata godoro.

"Sasa shida nini?"

"Shida haijui kwenda polepole," alisema. "Wanaitengeneza, haitengenezeki. Nikasikia wewe unatengeneza impela."

Wiki hiyohiyo tulifunga karakana. Tulipitia Buseresere tukanunua mchele wa kupeleka kwa mgonjwa, tukafika mwaloni, boti za ziwani zinakotia nanga, jua likiwa bado zuri. Nahodha wa boti, Mzinza mrefu aliyezaliwa ziwani, alinawa uso kwa maji ya ziwa kabla ya kutusalimia. Baadaye niliona hufanya hivyo kila anapoligeukia ziwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanieleza ugonjwa wa boti yake kama anavyoelezwa mtoto mtukutu.

"Mama fundi, hii ukiikimbiza inaruka. Ukiibembeleza inalala. Nikiwa na mgonjwa siwezi kuikimbiza, inapigapiga mawimbi. Nikienda taratibu, injini inanguruma na upepo unatupeleka unakotaka wenyewe."

Tuliifungua. Impela ilikuwa na mapanga matatu yaliyosimama sana, ya kukimbilia, na kingo zake zilikuwa zimeliwa na mchanga wa ufukweni mpaka zimekuwa mviringo. Nilicheka kwa furaha. Nilijua kazi hii. Tuliibeba mpaka Rwamgasa, mume wangu akaongeza chuma kwenye kingo, mimi nikazichonga mpaka zikang'aa. Tukaipitisha punje ya choroko, ikapita. Fundi jirani naye aliitwa kuishuhudia, akasema inapumua. Sote tulikuwa na miaka mingi katika kazi hii, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ziwani kuna kokoto gani za kupitisha.

Siku ya majaribio tulilaza magunia ya mchanga pale panapolala mgonjwa. Nahodha akafungua injini kidogo tu. Boti ikanguruma, nyuma maji yakachemka, na sisi tukabaki palepale. Kisha upepo ukatusukuma upande, taratibu, bila haraka yoyote, ukatuweka ndani ya matete. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamesimama kutuangalia.

"Mama fundi," mmoja akaita, "hiyo boti inakohoa tu au na homa inayo?"

Nilikasirika. Niliukasirikia upepo, nikamkasirikia nahodha, mwishowe nikamkasirikia mume wangu aliyekaa juu ya ndoo akila muhogo. Nikashuka nikaingia majini na gauni langu, nikamwambia nahodha aiachie injini izunguke polepole, nikaweka kiganja pale maji yanapotokea. Yalikuja laini, kama maji ya mtu anayekunawisha mikono kwa birika. Injini kubwa vile, na nguvu yote hiyo inakwenda wapi? Nilimfikiria mdogo wangu kisiwani, amelazwa ubavu, akihesabiwa kila hatua ya kwenda chooni, nikaogopa kweli.

Pembeni ya mwalo kulikuwa na mzee anatia upepo baiskeli yake. Alipampu, akapampu, tairi halijai. Akafungua pampu, akatoa ile ngozi ya ndani iliyokauka, akaipaka mafuta ya samaki na kuiviringisha kwenye vidole mpaka ikalainika na kutanuka. Akairudisha. Safari hii tairi lilijaa. Nilikuwa nimeona jambo hilo maisha yangu yote, Shinyanga nani asiye na baiskeli, na siku ile nililitazama kana kwamba sijawahi.

Upepo ulikuwa unarudi nyuma kupitia pembeni ya ngozi. Na maji yangu yalikuwa yanarudi nyuma kupitia pembeni ya mapanga. Boti ikikimbia, kasi inaificha hasara hiyo. Ikienda polepole, yote yanapenya kwenye ile nafasi ambayo sisi wenyewe tuliichonga na kuishangilia.

Nilimgeukia mume wangu. "Choroko," nikamwambia.

Aliacha kutafuna. Akaitazama boti, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, maana mtu ufanye nini. Mazoea yana taabu.

Impela ya pili tuliiunda upya. Safari hii tulikata mapanga manne kwenye bamba la chuma kisichoshika kutu, mapana kuliko ya zamani na yaliyolala zaidi. Hapo nilijifunza jambo ambalo mpaka leo linanisisimua. Mapanga machache yakiyavuta maji kwa pupa, maji yanachanika. Nilikuwa sijui kama maji yanaweza kuchanika. Yanakuwa povu, na povu halisukumi kitu. Lakini ukiyapa mapanga mengi yanayopokezana, kila moja likichukua sehemu yake bila papara, maji yanabaki mazima na yanasukuma kama bega la ng'ombe. Halafu nikatengeneza ringi mpya ya kuzunguka impela, nikaichonga taratibu kuliko kitu chochote nilichowahi kuchonga, mpaka kati ya panga na ukuta pakapita wembe tu, kitu kingine chochote kikagoma. Mume wangu alilifunika kopo la choroko kwa kitambaa, akasema lisione aibu. Mchanga tuliuwekea chujio chini ya boti, na nahodha akakubali kuwa ataisogeza kwa upondo mpaka penye kina ndipo awashe.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyafika nikiwa nimeshika ukingo wa boti ile, siku tuliyoirudisha. Nahodha alifungua injini kidogo, kama mara ile. Hakukuwa na kunguruma. Kulikuwa na sauti nzito ya chini, na nyuma yetu maji yakanyooka. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku ya kwanza. Aliigeuza boti iutazame upepo, akaipunguza, na ikasimama. Mawimbi yalikuja yakapita chini yetu, matete yalilala, na boti ilibaki palepale kama imefungwa kamba, kwa sababu tu ya kile kigurudumu kilichokuwa juu ya meza yangu juzi yake. Ziwa lile halina mwisho, na lilikuwa limekubali kusukumwa kwa upole namna ile. Wale wachuuzi hawakutania. Nahodha alichota maji akanawa uso, ingawa alikuwa amekwisha kunawa.

"Wabeja, mayu," akaniambia. Ni Kisukuma, lugha ya kwetu: ahsante mama. Sijui nani alimfundisha.

Tukaenda moja kwa moja kisiwani. Mdogo wangu aliletwa kwa machela mpaka mchangani, na pua ya boti ikampokea hapohapo, hakuna bega la mpagazi lililomgusa. Alikuwa amekonda uso. Nesi aliketi upande wa miguu, mimi upande wa kichwa, mume wangu akaangalia chujio. Tulipopita mawe nahodha aliisogeza boti kwa mwendo wa mtu anayetembea na chungu kichwani. Katikati ya ziwa mawimbi yaliinuka, nami nikamwona nesi anabana midomo, lakini boti iliyapanda moja moja na kuyashuka, haikuyapiga hata mara moja. Nesi alikuwa akiinua shuka kidogo kila baada ya muda, anaangalia, anashusha. Mimi nilikuwa namwangalia yeye usoni. Kila aliposhusha shuka, alinitikisia kichwa kwamba hakuna kitu.

Mdogo wangu alifumba macho mapema. Nilidhani anaomba. Nilimshika mkono njia nzima, nikisikia kwa miguu yangu ile nguvu ya chini ikifanya kazi bila kujisifu, jambo ambalo mimi siliwezi.

Ng'ambo, upande wa hospitali, nahodha alizima injini na kuilaza boti mchangani kwa upondo. Wauguzi walikuwa wanateremka na kitanda cha magurudumu. Kimya kile ndicho kilichomwamsha. Alifungua macho, akaliona anga, akanitafuta.

"Dada," alisema, "mbona hatuondoki?"